Kangomba Kwenye Kontena: Nani Kaandika Kanuni za Ukaguzi Wako?

Leo naomba mnivumilie, sitaandika siasa wala mpira. Nataka kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tunawaachia "watu wa kompyuta", halafu siku likiharibika tunaumia wote. Ni kanuni za usalama zinazoamua programu gani iruhusiwe kuingia kazini na ipi irudishwe kwa fundi. Najua baadhi yenu mmeshaanza kupiga miayo. Subirini kidogo, maana habari hii inafika mpaka kwenye gunia la korosho.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili asiyekubali ajipange. Taasisi na kampuni za kwetu zinazotumia vyombo vya kuchambua imeji za makontena, na kuviacha vifanye kazi kwa kanuni zilizokuja navyo kutoka kwa watengenezaji, hazijilindi. Zimeajiri mlinzi mgeni bila kumwambia nani mwenye nyumba, nani mpangaji na nani mwizi. Kanuni lazima tuziandike wenyewe, kwa mazingira yetu, na kila ruhusa ya pekee inayotolewa iwe na jina la aliyeitoa na tarehe ya kuisha.

Sasa tuanze mwanzo, maana si kila msomaji wangu ni fundi, na mimi mwenyewe ni mwandishi wa habari tu.

KONTENA GANI HILO?

Si lile la chuma linalopakiwa meli bandarini Mtwara, ingawa jina limetoka huko huko. Programu ya kompyuta haiishi peke yake. Inahitaji vipande vingine vya programu vilivyoandikwa na watu wengine, na matoleo maalumu ya vipande hivyo. Zamani fundi alikuwa anaandika programu kwenye kompyuta yake, inafanya kazi vizuri, akiipeleka kwenye seva ya ofisi inagoma. Ugomvi ulikuwa hauishi: "Kwangu inafanya kazi!" "Kwetu haifanyi!"

Mwaka 2013 ikatoka Docker, ikarahisisha jambo ambalo mafundi wa Linux walikuwa wakilifanya kwa taabu. Unafunga programu yako pamoja na kila inachokihitaji ndani ya kifurushi kimoja. Kifurushi hicho kinaitwa imeji. Ukikiwasha kikaanza kufanya kazi, hapo ndipo panaitwa kontena. Nembo ya Docker ni nyangumi aliyebeba makontena mgongoni, kwa hiyo mwenye macho ameelewa. Mwaka 2014 Google ikatoa Kubernetes, chombo cha kusimamia makontena mengi kwa wakati mmoja, na leo mifumo mingi mikubwa duniani inaendeshwa kwa njia hiyo.

Ni jambo zuri. Lakini kifurushi kilichofungwa kina shida ile ile ya gunia lililoshonwa: huoni kilichomo ndani. Fundi wetu wa Dar es Salaam ameandika mistari elfu chache, lakini imeji yake ina mamia ya vipande ambavyo hakuviandika, hajavisoma, na hawajui walioviandika. Mwaka 2018 watafiti waligundua imeji 17 zilizowekwa na mtu mmoja asiyejulikana kwenye hifadhi ya wazi ya Docker. Ndani yake mlikuwa na programu ya siri ya kuchimba sarafu ya kidijitali kwa kutumia umeme na seva za watu wengine. Imeji hizo zilikuwa zimepakuliwa zaidi ya mara milioni 5 kabla hazijaondolewa. Fikiria hesabu hiyo.

Ndiyo maana vikazaliwa vyombo vya kuchambua imeji. CoreOS walitoa Clair mwaka 2015. Ikaja Anchore Engine, ikatumiwa na wengi, ingawa mwaka 2023 waliacha kuiendeleza. Trivy ilitoka 2019, Grype 2020. Vingi kati ya hivi ni programu huria, yaani ni bure na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Kazi yao inafanana: wanafungua imeji, wanaorodhesha kila kipande na toleo lake, kisha wanalinganisha na orodha ya udhaifu unaojulikana duniani. Kila udhaifu una namba yake ya CVE, utaratibu ulioanza mwaka 1999, na unapewa alama kuanzia 0 hadi 10. Kuanzia 7.0 ni mkubwa, na kuanzia 9.0 ni wa hatari kabisa.

KUONA SI KUAMUA

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Kichambuzi kinaona. Kuamua ni kazi ya kanuni, na kanuni inaandikwa na mtu.

Huku kwetu jambo hili si geni hata kidogo. Mkulima analeta korosho zake kwenye ghala la chama cha msingi. Zinatazamwa kama zimekauka, zinachukuliwa sampuli, zinakatwa ndani zionekane. Kisu kinaonyesha tu kokwa iliyooza na kokwa nzima. Kusema hizi ni daraja la kwanza, hizi daraja la pili, hizi rudi nazo nyumbani ukazianike tena, hayo ni makubaliano ya watu. Kisu hakijui daraja. Badilisha makubaliano, gunia lile lile linapata bei nyingine.

Vichambuzi vya imeji ni hivyo hivyo. Tena nitawaambia jambo litakalowashangaza wasio mafundi. Trivy, ukiiendesha ilivyo bila kuiagiza chochote, itakuorodheshea udhaifu wote ilioukuta, halafu itaripoti kwamba kazi imekwisha salama. Haizuii kitu. Imeji yenye udhaifu wa alama 10 itapita mlangoni huku mlinzi akiandika jina lake kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Ili izuie, lazima mtu aseme: ukikuta kitu cha namna hii, simamisha. Grype nayo ni hivyo. Inasimamisha kazi pale tu ulipoiambia kuanzia daraja gani isimamishe. Anchore ilikuwa na utaratibu ulio wazi zaidi wa maamuzi matatu, mfano wa taa za barabarani: simama, onya, pita. Lakini nani aliyeamua taa nyekundu iwake lini? Hilo ndilo swali langu.

Kwa hiyo meneja anapokwambia "sisi tuna kichambuzi cha kisasa", hajakwambia kitu. Ni sawa na mtu kujisifu kwamba ghala lake lina kisu.

JINSI KANGOMBA INAVYOZALIWA

Nina jamaa yangu, tulisoma naye chuo kikuu, yeye alikwenda upande wa kompyuta. Alifanya kazi kwenye kampuni moja ambayo sitaitaja. Ananisimulia kwamba mwanzoni kichambuzi chao kilikuwa kinaandika ripoti ndefu kila siku na hakuna aliyeisoma. Siku moja bosi akarudi kutoka semina, amewaka moto, akaagiza: kuanzia leo kila imeji yenye udhaifu mkubwa izuiwe. Bila maelezo zaidi.

"Ikawaje?" nikamuuliza.

"Bwana wee, kazi ilisimama," akanijibu. "Mamia ya matundu, na mengi hata marekebisho yake hayajatoka. Utarekebisha nini ambacho mwenyewe mtengenezaji hajakirekebisha? Wateja wanapiga simu, bosi anapiga simu. Tukafungua faili la ruhusa, tukaanza kumwaga namba humo. Kila kinachozuiwa, tunakiandika kwenye ruhusa. Baada ya miezi michache faili lina mistari mingi kuliko programu yenyewe, na hakuna anayekumbuka mstari upi uliwekwa na nani, kwa nini."

Nikacheka, nikamwambia, "Kaka, hiyo inaitwa kangomba."

Kwa wasiotoka Kusini: kangomba ni biashara haramu ya kununua korosho kwa mkulima kichochoroni, kwa kipimo cha bakuli na bei ya kumnyonga, bila kupitia chama cha msingi. Kila msimu viongozi wanaikemea, polisi wanakamata watu, lakini haifi. Kwa nini haifi? Kwa sababu mkulima ana shida ya fedha mwezi Juni na mnada ni Oktoba. Mtoto anatakiwa shule, mgonjwa anatakiwa hospitali. Mlango halali ukiwa mwembamba na wa kuchelewa, watu watatoboa ukuta wa nyuma. Simsifu mnunuzi wa kangomba, ni mnyonyaji. Nasema tu kwamba anaishi kwenye pengo lililoachwa na utaratibu ambao haukuangalia hali halisi ya mkulima.

Mwaka 2018 tuliona upande wa pili wa sarafu. Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilitanguliza uhakiki wa wakulima ili kuwabaini wa kangomba. Nia ilikuwa nzuri. Lakini wapo wakulima halali waliosubiri malipo yao kwa miezi. Chujio likiwa zito kupita kiasi linawakwamisha hata wale lililowekwa kwa ajili ya kuwalinda.

Kwenye programu ni hadithi ile ile. Kanuni legelege kupita kiasi inazaa ripoti isiyosomwa. Kanuni kali kupita kiasi inazaa kangomba, yaani faili la ruhusa lisilo na mwenyewe. Na zote mbili zina mzazi mmoja, nayo ni kanuni iliyochukuliwa kama ilivyo bila mtu kukaa chini na kuuliza: sisi tunalinda nini, na dhidi ya nani?

"LAKINI WATENGENEZAJI WANAJUA ZAIDI"

Hoja hii nimeisikia mara nyingi, na ina nusu ya ukweli. Ni kweli wanaujua udhaifu wenyewe kuliko sisi. Hawajui tumeuweka wapi. Udhaifu wa alama 9 kwenye programu ya kutengeneza picha ndogo ndani ya seva isiyofikiwa na intaneti si sawa na udhaifu wa alama 7 kwenye ukurasa ambao kila mtu mwenye simu anaufikia na ambao nyuma yake kuna namba za akaunti za wakulima. Namba kubwa si lazima iwe ndiyo hatari kubwa kwako. Hata FIRST, taasisi inayosimamia vipimo hivyo vya 0 hadi 10, imeweka sehemu ya kipimo ambayo inatakiwa ijazwe na mwenye mfumo kulingana na mazingira yake. Wenyewe wamekuachia nafasi uijaze. Wewe unaiacha wazi, halafu unasema umefuata viwango vya kimataifa!

Nitatoa mfano unaotuhusu sisi moja kwa moja. Vichambuzi hivi vinategemea kumbukumbu za udhaifu zinazopakuliwa kwa intaneti mara kwa mara. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikasuasua nchini kwa siku kadhaa. Sote tunakumbuka. Sasa Grype, kwa mpangilio wake wa kawaida, inakataa kutumia kumbukumbu zilizozidi umri wa siku 5. Je, waya ukikatika siku 6, tusimamishe kupeleka programu yoyote, hata ile inayoziba tundu? Au tukubali kumbukumbu za wiki iliyopita na tujue tumekubali hatari gani? Au tuwe na nakala yetu ndani ya nchi, maana vyombo hivi vinaweza kufanya kazi bila intaneti ukiviletea kumbukumbu kwa njia nyingine? Mtengenezaji aliyekaa California hawezi kukujibia hilo, na hana sababu ya kulifikiria. Ni kanuni inayotakiwa kuandikwa na mtu ambaye amewahi kukaa Masasi bila mtandao.

KANUNI ZANGU SITA

Mtu akisema vitu vifanyike bila kusema vipi, huyo anahutubia. Kwa hiyo nimekaa na yule jamaa yangu tukaandika kanuni chache ambazo taasisi ya kwetu inayoshika taarifa au fedha za watu inaweza kuanza nazo. Zote zinawezekana kwa vyombo vilivyopo leo. Zikosoeni.

1. Udhaifu wa alama 9.0 na kuendelea ambao marekebisho yake yameshatoka: zuia. Kama marekebisho hayajatoka: onya, na mtu mmoja apewe kazi ya kuufuatilia kila wiki. Kuzuia kitu ambacho hakuna anayeweza kukirekebisha ndiko kunakozaa kangomba.

2. Udhaifu ambao tayari wahalifu wanautumia: zuia bila kujali alama. Tangu Novemba 2021 idara ya usalama wa mtandao ya Marekani, CISA, inachapisha orodha ya udhaifu unaojulikana kwamba umeshatumiwa kwenye mashambulizi halisi. Iko wazi na ni bure. Udhaifu wa alama 7 unaotumiwa na wezi leo ni mbaya kuliko wa alama 9 ambao hakuna aliyefanikiwa kuutumia.

3. Nywila au ufunguo wa siri ukikutwa ndani ya imeji: zuia daima, hakuna ruhusa ya pekee, hata akipiga simu mkurugenzi.

4. Imeji isiyojulikana imetoka wapi: zuia. Zile imeji 17 za mwaka 2018 zinatosha kuwa somo. Kila imeji ya msingi itoke kwenye hifadhi tuliyoikubali, na iwe na namba ya toleo. Lebo ya "latest" haikubaliki, kwa sababu ya leo na ya kesho zinaweza kuwa vitu viwili tofauti vyenye jina moja.

5. Kontena linalotaka kuendeshwa na mtumiaji mkuu mwenye mamlaka yote: onya kwa mifumo ya zamani, zuia kwa mifumo mipya. Hii ni ya mpito, na mpito uandikiwe tarehe.

6. Kila ruhusa ya pekee iwe na sababu, jina na tarehe ya mwisho. Trivy inakuruhusu kuandika tarehe hiyo kwenye faili lake la ruhusa, mbele ya namba ya udhaifu. Tarehe ikipita, ruhusa inakufa yenyewe na udhaifu unarudi kuonekana. Hakuna sababu ya kiufundi ya kutofanya hivi. Kuna uvivu tu.

Ukiniuliza ipi ni muhimu kuliko zote, nitakwambia ya sita. Hizo tano za mwanzo zinaweza kukosewa na zikarekebishwa. Ruhusa isiyo na mwisho haikosolewi na mtu kwa sababu hakuna anayeikumbuka.

Faida nyingine ni kwamba kanuni hizi ni maandishi tu kwenye faili. Zinahifadhiwa pamoja na msimbo wa programu, na kila badiliko linaacha alama: nani kabadilisha, lini, alifuta nini. Wale tunaolilia uwazi serikalini na kwenye ushirika, hebu fikirieni utaratibu ambao hauwezekani kubadilishwa kimya kimya usiku. Upo. Tunachotakiwa ni kuutumia.

KANUNI BILA MACHO

Lakini nisiwauzie ndoto. Kanuni nzuri kwenye karatasi haitoshi. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, ilikuwa na kanuni ya ndani kwamba udhaifu wa hatari uzibwe ndani ya saa 48. Marekebisho ya programu iitwayo Apache Struts yalitoka Machi mwaka huo. Taarifa ikasambazwa ndani ya kampuni, ukaguzi ukafanyika kwa chombo cha kisasa, na chombo hakikuliona tundu. Wezi wakaingia Mei, wakakaa ndani mpaka mwisho wa Julai. Kifaa cha kukagua mawasiliano yaliyofungwa kilikuwa hakioni kitu kwa sababu cheti chake kilikuwa kimeisha muda zamani; walipoweka cheti kipya, wakaona maajabu. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimekwenda. Kanuni ilikuwepo na chombo kilikuwepo. Hakukuwepo mtu anayehakikisha kwamba kanuni na chombo vinaangalia mahali pamoja.

Na yapo ambayo kichambuzi hakiwezi kuyaona kabisa. Machi 29, 2024, mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba kipande cha programu kiitwacho xz, toleo la 5.6.0 na 5.6.1, kilikuwa kimepandikizwa mlango wa siri. Alikigundua kwa sababu kuingia kwenye kompyuta yake kwa mbali kulichelewa kama nusu sekunde, naye akakataa kupuuza. Kabla ya siku hiyo hakukuwa na namba ya CVE, kwa hiyo hakuna kichambuzi kilichokuwa na cha kulinganisha. Lakini hapo hapo ndipo kanuni ya kujiandikia inapoonyesha thamani yake. Mwenye utaratibu wake aliweza kuandika siku ile ile: kipande cha xz, matoleo haya mawili, zuia. Asiye nao alisubiri aletewe.

KWA NINI HAYA YANAMHUSU MKULIMA WA CHIDYA

Sasa nirudi kwenye gunia. Tangu mwaka 2022 wakulima nchini wameandikishwa kwenye mfumo wa kidijitali kwa ajili ya ruzuku ya mbolea. Msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ilihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Malipo yanapitia benki na simu. Mzee ambaye hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake, jina lake, namba yake ya simu, kilo zake na akaunti yake viko kwenye seva mahali fulani. Hakuulizwa kama anaamini makontena. Ametuamini sisi tuliosoma.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Lakini sheria haiwezi kukwambia udhaifu wa alama ngapi uzuiwe kwenye imeji yako. Kati ya sheria ya Bunge na seva kuna pengo, na pengo hilo linajazwa na faili moja la kanuni ambalo pengine limeandikwa na kijana mmoja saa nne usiku akiwa amechoka, au halijaandikwa kabisa.

Kuna watakaosema kanuni zikiandikwa hapa hapa zitalegezwa na wakubwa kwa faida yao. Hofu hiyo ni ya haki, tunajuana. Lakini kanuni za kiwandani nazo zinalegezwa, tena kwa siri, kupitia faili la ruhusa. Bora kanuni yetu, iliyo wazi, yenye majina, tukamkamata aliyeilegeza.

Na hapa nawageukia waandishi wenzangu. Tumezoea kwenda kwenye mkutano na wanahabari, ofisa anasema "mfumo wetu uko salama", tunaandika "Mfumo uko salama, asema ofisa", tunapanda daladala tunarudi chumba cha habari. Mwaka 2023 huduma za eCitizen za Kenya zilipokwama kwa mashambulizi ya kuzidisha trafiki, ambayo ni tatizo la aina nyingine na hakuna kichambuzi cha imeji ambacho kingelizuia, wengi wetu tulikuwa hatujui hata swali la kuuliza. Tujifunze. Ofisa akisema mfumo uko salama, tumuulize manne tu. Kanuni zenu za ukaguzi zimeandikwa na nani? Mara ya mwisho zilizuia nini? Ruhusa za pekee ziko ngapi leo? Na ya zamani kuliko zote inaisha lini?

Akijibu bila kusitasita, huyo anajua kazi yake, mwandikeni kwa heshima. Akisema "hayo ni mambo ya kiufundi", basi habari ya kesho mnayo.

Nawasilisha hoja.